Mbunge wa Mlimani na Mabondeni: Uwakilishi wa Vijijini Morogoro tangu 1958

Mjadala kuhusu wabunge wa vijijini nchini Tanzania huishia mara nyingi kwenye hulka ya mtu: huyu ni mchapakazi, yule alipopata kiti alihamia Dodoma na hakuonekana tena hadi msimu wa kuomba kura. Ukanda wa Morogoro unaoanzia Mzumbe na kupanda Milima ya Uluguru hadi Mgeta una historia ndefu ya kutosha kuonyesha kwamba hulka ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Kinachoamua zaidi muda wa mbunge kwenye kiti, na hata aina ya mtu anayeweza kukipata, ni mambo mawili: nani mwenye neno la mwisho katika kumteua mgombea, na ni kazi zipi ambazo wananchi humdai mbunge ilhali sheria haikumkabidhi. Mambo hayo yamebadilika mara kadhaa tangu uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, na katika Jimbo la Mvomero, ambamo Mzumbe imo, athari zake zinasomeka kwa urahisi.

Mvomero ilikatwa kutoka Wilaya ya Morogoro Vijijini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sensa ya 2012 ilihesabu humo watu 312,109. Idadi hiyo haina masilahi mamoja. Juu milimani, Langali, Nyandira na Bunduki, Waluguru hulima kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo kwenye miteremko ambayo kwa desturi hurithiwa kwa upande wa mama, kila ukoo ukiwa na sehemu yake. Chini, Dakawa ni nchi ya mpunga wa umwagiliaji. Turiani ni nchi ya miwa, ambako Kiwanda cha Sukari cha Mtibwa hununua mazao ya wakulima wadogo wanaokizunguka. Na Kambala ni kijiji cha wafugaji wa Kimaasai. Mzumbe yenyewe, kando ya barabara kuu ya Iringa, ina chuo kilichoanza 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, kisha chuo kikuu mwaka 2001. Kwa hiyo mhadhiri wa utawala wa umma na mkulima wa njegere hupigia kura kiti kimoja, na wengi wa maofisa mipango, wahasibu na wakurugenzi wa halmashauri ambao mbunge hulazimika kuwabembeleza nchini kote wamepita katika madarasa ya hapo.

Uchaguzi wa 1958 uliendeshwa kwa utaratibu wa kura tatu, yaani kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo karatasi yake iliharibika. Haki ya kupiga kura ilikuwa ya wachache, kwa kuwa mtu alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la kumi na mbili, au mojawapo ya nyadhifa zilizotajwa na serikali. Baada ya chama cha TANU kuamua katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958 kwamba ingeshiriki licha ya masharti hayo, Julius Nyerere aligombea kiti cha Jimbo la Mashariki, ambalo Morogoro ilikuwa sehemu yake, na mpinzani wake alikuwa Patrick Kunambi, Mluguru aliyekuwa na cheo katika utawala wa wenyeji. Nyerere, mtu wa Butiama asiye na ukoo Uluguru, alipata takriban kura 2,600 dhidi ya takriban 800 za mwenyeji.

Matokeo hayo husimuliwa kama ushindi wa utaifa dhidi ya ukabila, na si uongo, ila maelezo hayo yanaacha nje kilichotangulia. Tangu mwanzo wa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa imewalazimisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, kazi nzito iliyowalemea wakulima bila kuwaongezea mavuno, na watawala wa wenyeji ndio waliotumwa kuisimamia. Ghasia za 1955 ziliuzika mpango huo. Ni kweli kwamba wengi wa waliochimba matuta hawakuwa na sifa za kupiga kura mwaka 1958. Hata hivyo ndani ya miaka mitatu cheo cha kienyeji kilikuwa kimepoteza heshima yake, na chama kilichosimama nje ya cheo hicho kilionekana kuwa na mikono safi. Somo la kwanza la uwakilishi Morogoro, basi, ni kwamba wapiga kura walikuwa tayari kumpa mgeni kiti iwapo mwenyeji alihesabiwa kuwa mkono wa serikali.

Somo hilo lilirudiwa kwa namna ya ajabu zaidi na Amir Jamal, Mtanzania wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mwanza mwaka 1922, ambaye aliiwakilisha Morogoro bungeni kuanzia 1960 hadi 1985. Robo karne kwenye kiti kimoja ni muda ambao mbunge wa leo wa mkoa huo hawezi hata kuuota. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, Jamal alipambana na mgombea Mwafrika na akashinda kwa tofauti kubwa, wakati ambapo Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mtoto wa Usukumani, aliangushwa na wapiga kura wa kwao. Wizara iliyoachwa wazi na Bomani ilikabidhiwa mbunge wa Morogoro. Jamal aliishika hadi 1972, akairudia 1975 hadi 1977, na tena kuanzia 1979, Edwin Mtei alipojiuzulu kwa kutokubaliana na Rais Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, hadi 1983. Mwaka 1980 aliongoza mkutano wa mwaka wa magavana wa shirika hilo na Benki ya Dunia, kazi iliyo mbali sana na vilio vya wakulima wa Uluguru.

Ili kuelewa namna mtu wa aina hiyo alivyodumu, ni lazima kuzitazama kanuni za uchaguzi za wakati ule. Mkutano mkuu wa wilaya wa TANU uliwapigia kura waliojitokeza, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili wa kupelekwa kwa wananchi, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Wagombea hao walizunguka pamoja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, walihutubia kwa Kiswahili tu, walikatazwa kutumia kabila, dini au rangi ya mtu kama hoja, na hawakuruhusiwa kumwaga fedha zao. Kanuni hizo zilimkinga Jamal dhidi ya silaha mbili ambazo zingemmaliza, yaani asili yake na mifuko ya wapinzani. Zilikuwa pia na upande wa giza: aliyetofautiana na chama alipoteza uanachama na kiti kwa pigo moja, kama ilivyotokea Oktoba 1968, TANU ilipowafukuza wabunge kadhaa, Joseph Kasella-Bantu akiwa miongoni mwao. Mbunge wa zama hizo alikuwa salama mbele ya tajiri wa wilaya, lakini hakuwa salama mbele ya chama chake.

Je, jimbo lilinufaika na kuwa na Waziri wa Fedha? Mjini Morogoro, mwishoni mwa miaka ya 1970, yalijengwa maeneo makubwa ya viwanda kwa mikopo ya nje, kikiwemo kiwanda cha viatu kilichofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambacho kilikusudiwa kuuza Ulaya na hakikuwahi kuzalisha zaidi ya sehemu ndogo sana ya uwezo wake. Haitakuwa haki kumtwisha Jamal mzigo wa uamuzi huo, ambao ulikuwa wa serikali nzima na wafadhili wake. Inatosha kusema kwamba viwanda vilikaa mjini, wakati mizigo ya Mgeta na Matombo iliendelea kushuka mlimani kichwani mwa akina mama. Wapiga kura hawakumwadhibu, kwa sababu katika zama za mipango ya kitaifa barabara na zahanati zilihesabiwa kuwa deni la serikali na chama. Mbunge alitazamwa kama mwelezaji wa sera, na maelezo ya Jamal, kwa sifa zote zilizoachwa, yalikuwa ya mtu mwaminifu.

Uhusiano huo ulivunjika baada ya 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, na hasa baada ya uchaguzi wa 1995. Serikali ilikuwa imepunguza huduma zake, wananchi walianza kuchangia shule na visima, na mgombea mwenye uwezo aligundua kwamba saruji na bati huzungumza kwa sauti kubwa kuliko sera. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, neno lililotumika kuhalalisha vyakula, vinywaji na zawadi ambazo mgombea aliwapa wapiga kura kwa jina la ukarimu wa kimila. Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo vya sheria Aprili 2006 baada ya mashirika ya haki za binadamu kufungua shauri, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikaweka mipaka ya matumizi. Hata hivyo desturi iliyokwisha kuota mizizi haing'olewi kwa hukumu moja. Mpaka leo mbunge wa vijijini hutegemewa kwenye rambirambi za misiba, ada za yatima, jezi na mipira ya timu za kata, na hualikwa kuwa mgeni rasmi kwenye harambee za makanisa na misikiti, ambako bahasha yake husomwa hadharani.

Hapo ndipo historia ya kiti cha Mvomero inapopata maana. Suleiman Ahmed Saddiq, anayejulikana zaidi jimboni kwa jina la Murad, alikishika kuanzia 2005 hadi 2010. Amos Makalla, aliyekuwa akishughulikia fedha za ngazi ya taifa za CCM, chama tawala kilichoirithi TANU, alikichukua 2010 hadi 2015. Saddiq alikirudia 2015 hadi 2020. Na mwaka 2020 kilikwenda kwa Jonas Van Zeeland. Wote ni wa chama kilekile. Katika chaguzi tatu mfululizo, za 2010, 2015 na 2020, aliyekuwa mbunge hakurudi, na upinzani haukuhusika kwa lolote la maana. Mageuzi ya kweli yalifanyika ndani ya kura za maoni, yaani uchaguzi wa awali ambao wanachama au wajumbe wa chama hupendekeza mgombea kabla ya vikao vya juu kufanya uteuzi.

Mkondo wa Makalla unastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 2012 aliteuliwa Naibu Waziri wa Habari, Vijana, Utamaduni na Michezo, na Januari 2014 akahamishiwa Wizara ya Maji. Mtazamaji wa mbali angedhani kwamba jimbo lenye kiu limepata bahati. Lakini naibu waziri si mjumbe wa Baraza la Mawaziri, hivyo hana kiti pale vipaumbele vinapopangwa; na kwa kuwa amekuwa sehemu ya serikali, kazi yake bungeni ni kujibu maswali ya wabunge wengine, wala hawezi tena kusimama na kuuliza kwa ukali kwa nini visima vya kata fulani ya jimboni kwake havitoi maji. Cheo kilimpandisha kitaifa na papo hapo kikamfunga mdomo jimboni, huku kikiwaongezea wapiga kura matumaini ambayo ofisi yake haikuweza kuyatimiza. Baada ya kukosa kiti mwaka 2015 aliteuliwa mkuu wa mkoa katika mikoa kadhaa, ikiwemo Mbeya, Katavi na Dar es Salaam, na Aprili 2024 akawa katibu wa itikadi na uenezi wa CCM. Kwa maneno mengine, mamlaka ya uteuzi ilimthamini kuliko jimbo lake lilivyomthamini, na maisha yake ya kisiasa yalistawi zaidi alipoacha kutegemea kura za Mvomero. Wapo wengi wa namna hiyo katika siasa za Tanzania, na wapinzani wanapowaita waliokataliwa na wananchi husahau kwamba mara nyingi waliowakataa ni wanachama wenzao.

Mamlaka halisi ya mbunge juu ya maendeleo ya jimbo ni finyu kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia mapendekezo ya kodi au matumizi ya fedha za umma isipokuwa yaletwe na serikali, kwa hiyo mbunge hawezi kuongeza hata shilingi moja kwenye fungu la barabara yake. Na iwapo Bunge zima litaikataa bajeti, ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Katika halmashauri ya wilaya mbunge ni mjumbe mmoja wa baraza la madiwani. Barabara za wilaya zilihamishiwa TARURA, wakala ulioanza kazi 2017 chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na maji ya vijijini yakapewa RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019 chini ya Wizara ya Maji, na wakala hizo mbili zinawajibika kwa wizara zake. Kilichobaki mikononi mwa mbunge ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambao yeye ni mwenyekiti wa kamati yake. Fedha zake hupaua madarasa machache na kununua mabomba kidogo, kisha zinakwisha.

Barabara ya Sangasanga kupitia Mlali hadi Langali na Nyandira inaonyesha jambo hili kwa karibu. Inaiacha barabara kuu ya Iringa, inapita tambarare ya Mlali, kisha inapanda kona kwa kona. Mvua za masika zinaponyesha na tope likajaa, malori hugoma kupanda, na mnunuzi anayethubutu kufika hupanga bei anayotaka kwa kuwa kabichi haisubiri. Mkulima hulazimika pia kukubali lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba cha nyavu au majani hadi linazidi ujazo wa kawaida, na kuuzwa kama gunia moja. Wabunge wamelilalamikia jambo hilo bungeni miaka nenda miaka rudi, Wakala wa Vipimo ukiwa na sheria mkononi, na bado magunia hayo yanashuka mjini. Mbunge anapouliza swali la msingi kuhusu barabara ya aina hiyo, naibu waziri hujibu kwamba serikali inatambua umuhimu wake na itaitengeneza kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge huongeza maswali mawili ya nyongeza, hushukuru, na sauti yake hurushwa redioni. Kisheria amemaliza kazi yake. Mlali, hata hivyo, hakuna anayehesabu maswali, kwa kuwa mbunge huhukumiwa kama mkandarasi ilhali amepewa mamlaka ya mwombaji.

Ardhi ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu humo mbunge hawezi kuwaridhisha wote hata kama angepewa fedha. Mapigano ya Rudewa Mbuyuni katika wilaya jirani ya Kilosa, Desemba 2000, yaliua watu 38, na ndani ya Mvomero yenyewe mgogoro wa bonde la Mgongola kati ya wafugaji wa Kambala na wakulima wa Mkindo na vijiji vya jirani umekuwa ukifukuta na kulipuka kwa miaka mingi. Wakulima ni wengi na wafugaji ni wachache, kwa hiyo hesabu ya kura inamsukuma kila mgombea upande mmoja, ingawa akishachaguliwa anatakiwa kuwa mbunge wa Kambala pia. Kuna kejeli ya historia katika jambo hili, kwani ni katika wilaya hiyohiyo, Dakawa, ndipo Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, akitokea Dodoma kwenda Dar es Salaam. Sokoine alikuwa mbunge wa wafugaji wa Monduli na mtoto wa jamii hiyo, na chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kilichopewa jina lake Julai mwaka huohuo kinafundisha kilimo na ufugaji chini ya paa moja. Wakulima wa Morogoro walimlilia kama wao, jambo linaloonyesha kwamba uadui wa mashambani hauna asili ya kabila. Unatokana na mipaka ya vijiji isiyopimwa ipasavyo na matumizi ya ardhi yasiyopangwa, kazi ambazo tena si za mbunge.

Huenda ikasemwa kwamba ushindani wa vyama ungetibu haya. Mwaka 2015 mkoa wa Morogoro ulijaribu: Mikumi ilimchagua Joseph Haule, msanii ajulikanaye kama Profesa Jay, na Kilombero ikamchagua Peter Lijualikali, wote wa Chadema. Miaka mitano baadaye Lijualikali alikuwa amehamia CCM na Haule akashindwa na Dennis Londo wa CCM. Mbunge wa upinzani wa vijijini alikuwa na uhuru zaidi wa kuuliza, lakini alikosa hata ule mlango wa nyuma wa kumwona waziri wa chama chake, na wapiga kura waliambiwa waziwazi majukwaani kwamba maendeleo hufuata chama tawala. Kwa wanawake njia imekuwa nyembamba zaidi, kwa kuwa viti maalumu, ambavyo hugawanywa kwa vyama kulingana na kura, vimewaingiza wengi bungeni bila kuwapa jimbo, na gharama za misiba, harambee na mafuta ya gari la kuzunguka kata za mlimani zimebaki kuwa ukuta.

Ubovu mkubwa zaidi, kwa uzito wa ushahidi wa Mvomero, umo katika kura za maoni kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2010 CCM iliwaruhusu wanachama wote kupiga kura hizo katika matawi, na 2015 ikaendelea hivyo; mwaka 2020 ikarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu, huku vikao vya juu vikibaki na uwezo wa kukata jina la aliyeongoza. Mbunge asiyejua miaka mitano ijayo atahukumiwa na wanachama elfu kadhaa, wajumbe mia kadhaa au kikao cha watu wachache hawezi kupanga kazi ya kudumu. Hutawanya juhudi zake kwa wote watatu na kuishia kutomtosheleza yeyote. Kanuni ya 1965, pamoja na ukali wake wote, ilikuwa na faida hii: wananchi wa kawaida walichagua kati ya majina mawili, na jina la mbunge aliyepo halikuondolewa kirahisi gizani. Katika jimbo ambalo chama kimoja hushinda daima, kura za maoni ndizo uchaguzi wenyewe, na jambo kubwa kiasi hicho linapaswa kuwekwa katika sheria ya nchi badala ya kuachwa libadilike kila msimu kwa uamuzi wa chama.

Wakati sheria hiyo ikisubiriwa, mpiga kura wa Mlali, Dakawa au Turiani anacho chombo asichokitumia. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge, ziitwazo Hansard, huandikwa kwa Kiswahili na kuwekwa wazi kwa umma, nazo zinaonyesha kila swali lililoulizwa, siku lilipoulizwa na ahadi iliyotolewa na serikali. Kabla ya kumuuliza mgombea ataleta mifuko mingapi ya saruji, aulizwe kwanza aliyemaliza muda wake alisema nini bungeni kuhusu Mgongola na barabara ya Langali, na serikali ilimjibu nini. Wahadhiri na wanafunzi wa Mzumbe, wanaopiga kura katika jimbo hilohilo, ndio wa kwanza wanaopaswa kuwasomea wenzao majibu hayo.